Adui wa Mbwa Yuko Ndani ya Lupango

Agosti 2024 kliniki moja ya binafsi ya mifugo mjini Lusaka ilitoa taarifa kwamba mbwa wanaoletwa kwake wanaonekana wameugua baada ya kula chakula cha mahindi kilichoharibika. Serikali ya Zambia ikachukua sampuli kutoka kampuni 25 za kusaga mahindi. Majibu yaliporudi, Waziri wa Afya, Elijah Muchima, akatangaza hadharani kuwa baadhi ya sampuli zina sumukuvu kwa kiwango cha kutisha. Mbwa waliokwisha kufa walikadiriwa kufika 400.

Lusaka iko mbali, lakini unga wake hauko mbali. Mahindi ya Zambia huvuka mpaka wa Kongo pale Kasumbalesa, hufika Lubumbashi, kisha hupanda barabara ya kilomita zipatazo 300 hadi Kolwezi, na jioni yanakuwa bukari, yaani ugali, mezani. Mwezi huohuo wa Agosti mpaka ulifungwa kwa muda kwa sababu ya mvutano wa biashara kati ya nchi hizi mbili, na sokoni kila mtu akawa anazungumza bei. Habari ya mbwa ikapita kama kichekesho cha jirani. Haikuwa kichekesho.

Ukimuuliza mtu wa Manika au Dilala hapa Kolwezi mbwa wake alikufa kwa nini, mara nyingi utapewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza: wezi walimtupia sumu. La pili: ni vumbi la migodi. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, nami nitayarudia. Lakini yote mawili yanamtafuta mkosaji nje ya ukuta, na magonjwa mengi yanayoua mbwa wa mji huu yanazaliwa ndani ya lupango, uwanja wa nyumba: kwenye sufuria, kwenye nyufa za banda, na kwenye sindano ambayo haikuchomwa.

Tuanze na sufuria. Mvua za msimu wa 2023 na 2024 zilikatika vibaya kusini mwa Afrika, na tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mhindi uliochoka kwa kiu hushambuliwa na kuvu ungali shambani. Ukivunwa na kurundikwa ghalani bila kukauka sawasawa, kuvu humalizia kazi. Sumu inayoachwa na kuvu hao haina harufu ya kuaminika, haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauiui. Unaweza kusonga bukari hadi mkono ukauma, sumu itabaki palepale.

Kwa nini basi mbwa afe na mwenye nyumba abaki? Angalia safari ya gunia. Mama anapochambua mahindi, punje nzima na nyeupe huenda kusagwa kwa ajili ya watu. Punje zilizovunjika, zenye doa la kijivu au kijani, huwekwa kando kwa ajili ya kuku na mbwa. Kinu kinapokoboa, ganda na kiini hutoka kama pumba, na sumu nyingi hukaa humo humo. Pumba hizo ndizo zinazouzwa kwa bei ya chini kwa wenye mbwa, zikapikwa na vichwa vya samaki au kapenta kidogo kwa ajili ya harufu. Yaani nyumba imechuja sumu kwa uangalifu mkubwa, kisha ikamwekea mbwa mkusanyiko wake kwenye bakuli, asubuhi na jioni, siku zote za mwaka. Mtu hubadilisha chakula. Leo bukari, kesho wali, keshokutwa mihogo. Mbwa hana kesho wala keshokutwa.

Ini ndilo linaloumia. Mbwa huanza kugoma kula, hutapika, hulala kutwa, kisha weupe wa macho na ngozi ya ndani ya masikio hugeuka manjano. Mwishoni choo huwa cheusi au chenye damu. Dawa ya kuiondoa sumu yenyewe haipo. Daktari wa mifugo atampa maji ya mishipani na kulisaidia ini, na akiwahi anaweza kumwokoa. Wakenya wanaijua sumu hii kwa upande wa watu: mwaka 2004, katika wilaya za mashariki kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kwa hiyo mbwa wawili watatu wa mtaa mmoja wakigoma kula ndani ya wiki moja na macho yao yakawa manjano, usikimbilie tu kuuliza nani kawatupia sumu. Uliza pia wamekula unga wa duka gani, halafu angalia kama wewe mwenyewe hununui palepale.

Hata pasipo sumu, bukari tupu haimjengi mbwa. Mtoto wa mbwa wa jamii kubwa, yule wa miguu minene anayenunuliwa kwa dola nyingi ili alinde ukuta, akilelewa kwa bukari na mchuzi atapinda miguu ya mbele kabla ya miezi sita. Mifupa yake inadai protini na madini ambayo mahindi hayana ya kutosha. Dagaa wazima wa kusaga, mayai, utumbo uliochemshwa vizuri: vyote viko sokoni Kolwezi na si vya anasa. Mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo kila nyumba humtupia mbwa kwa moyo mweupe, huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Na machicha ya lutuku, pombe kali ya kienyeji, wapewe nguruwe kama ni lazima yalishwe. Mbwa hulewa kwa kiasi kidogo sana, na pombe humpoozesha hadi pumzi ikakatika.

Sasa twende bandani. Hapa ndipo ningependa msomaji apige magoti. Mshike mbwa wako, geuza sikio lake ndani nje, angalia mikunjo ile midogo ya pembeni. Kisha tenganisha vidole vya mguu wa mbele, tazama katikati. Kama kuna kitu kama mbegu ya kijivu iliyovimba, huyo ni kupe jike aliyeshiba. Na karibu yake, ukitazama vizuri, kuna wadogo wa rangi ya kahawia, wembamba kama punje ya ufuta. Kupe huyu wa kahawia ana tabia inayomtofautisha na wale wa ng'ombe: haendi malishoni. Akishashiba huanguka, hupanda ukuta, huingia kwenye ufa wa tofali au chini ya bati la banda, na kutaga mayai kwa maelfu. Watoto wanaweza kukaa humo kwa miezi bila kula, wakimsubiri mbwa yuleyule. Ndiyo maana unamwogesha mbwa kwa dawa Jumamosi, na baada ya wiki mbili kupe wamerudi. Umeosha mgeni, mwenyeji bado yuko ukutani. Nyufa zizibwe, banda lipuliziwe dawa, matandiko yachomwe.

Anachoacha kupe ndani ya damu ndicho kinachoua. Kuna vidudu viwili vinavyotangulia. Babesia huvunja chembe nyekundu za damu: mbwa hupata homa kali ghafla, mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi, na fizi hupauka. Erlikia hukaa ndani ya chembe nyeupe. Yeye ni mvumilivu zaidi. Mbwa anaweza kukonda kwa miezi, anacheza leo, kesho analala, hadi siku moja anatoka damu puani bila kupigwa. Erlikia ikishughulikiwa mapema hutibika kwa doksisaiklini, dawa ya kawaida inayopatikana kwenye famasi nyingi za mji, lakini huchukua wiki kadhaa na kipimo kinategemea uzito wa mbwa. Babesia ina dawa yake nyingine kabisa. Kipimo cha nyumbani ni kimoja: inua mdomo wa juu wa mbwa, bonyeza fizi kwa kidole, achia. Fizi ya mbwa mzima ni ya waridi na rangi hurudi ndani ya sekunde mbili. Ikiwa nyeupe kama karatasi kabla hata hujabonyeza, usisubiri Jumatatu.

Msimu wa mvua, kuanzia Oktoba hadi Aprili, huleta pia yule nzi anayetaga kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo zilizoanikwa hazijakauka. Ndiye anayefanya mama wa Kikongo apige pasi hata shuka na nepi. Mbwa hana wa kumpigia pasi. Hulala kwenye mchanga wake, na funza hupenya ngozi ya tumbo na miguu. Linatokea jipu lenye tundu dogo katikati ambalo ukilikodolea macho utaliona likihema. Paka Vaselini kuziba tundu, subiri, kamua taratibu kwa vidole viwili. Watoto wadogo wa mbwa wakiwa na majipu kumi au ishirini hupungukiwa nguvu na wanaweza kufa.

Ukurutu nao una balaa lake, na hapa Kolwezi balaa hilo limeongezewa na mji wenyewe. Mji wa malori una mafuta machafu ya injini kila kona, na mtu akiona mbwa wake ananyonyoka manyoya na kujikuna hadi damu, jirani humwambia: mpake mafuta machafu. Utitiri kweli hufa, kwa kuwa umekosa hewa. Lakini mbwa hujilamba. Anameza mafuta yaliyojaa madini mazito na kemikali, na mengine hupita kwenye ngozi iliyochubuka. Ini na figo hulipa. Ivamektini kwa kipimo cha daktari hutibu utitiri huohuo bila kumuunguza.

Na tukiwa kwenye dawa, niseme wazi: kabati la dawa la nyumbani limeua mbwa wengi kuliko mwizi yeyote wa Kolwezi, kwa maoni yangu. Mbwa akichechemea hupewa diklofenaki, kwa sababu ndiyo dawa ya mgongo ya kila baba anayetoka kazini. Akiwa na homa hupewa parasetamoli au ibuprofeni. Tumbo la mbwa haliwezi diklofenaki wala ibuprofeni: hutoboka vidonda, hutapika damu, figo husimama. Parasetamoli humharibia ini na damu. Nyumba ikimzika, itasema ugonjwa ulimshinda.

Parvo haina ubishi. Kirusi hiki kilijitokeza duniani mwaka 1978 na ndani ya muda mfupi kikawa kimezunguka mabara yote. Mtoto wa mbwa wa wiki nane anatapika asubuhi, jioni anaharisha damu yenye harufu ambayo aliyewahi kuinusa haisahau, na keshokutwa amekwisha, ameuawa na ukavu wa mwili. Kirusi hukaa kwenye udongo wa lupango hata mwaka mzima. Anayezika mmoja na kununua mwingine mwezi unaofuata anamleta kaburini. Sakafu za saruji zisafishwe kwa javel (maji ya klorini), sehemu moja kwa sehemu thelathini za maji. Udongo hauna dawa ya uhakika. Chanjo ndiyo kinga, nayo haitoshi mara moja: huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita, kwa kuwa kinga aliyopewa mtoto na maziwa ya mama huzuia zile za mwanzo kushika.

Kuna jambo la chanjo ambalo muuzaji hapendi kuulizwa. Inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi begani mwa mbwa. Kolwezi imezungukwa na umeme, mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani, lakini migodi inakunywa kwanza na mitaa hubaki gizani kwa saa nyingi. Chupa iliyolala kwenye jokofu lililozimika ni maji yenye lebo. Muulize veterineri anahifadhi wapi, na akitoa chupa mfukoni mwa koti, mshukuru na uondoke. Lubumbashi kuna kitivo cha udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wahitimu wake wanafanya kazi katika jimbo hili. Tofauti kati yao na mchuuzi wa sindano barabarani inafaa kulipiwa.

Nimeahidi kulirudia vumbi. Kolwezi ilianzishwa 1937 kama makao ya migodi ya magharibi ya kampuni ya Union Minière, na tangu 2015 ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa yake hutoka kwenye ardhi hii. Katika mtaa wa Kasulo watu wamechimba ndani ya nyumba zao, chini ya vitanda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, walichapisha mwaka 2018 matokeo yaliyoonyesha kobalti nyingi mno kwenye mkojo wa wakazi wa Kasulo, hasa watoto. Anayelamba sakafu na kulala udongoni zaidi ya mtoto ni mmoja tu.

Mfano wa mbwa upo, ng'ambo ya mpaka. Kabwe, Zambia, palichimbwa risasi hadi 1994, na utafiti uliochapishwa 2020 ulipima damu ya mbwa wa mji ule: waliokaa karibu na mgodi wa zamani walikuwa na risasi nyingi zaidi, na wadogo kuliko wakubwa. Hivyo vumbi silidharau. Maji ya mifereji inayoelekea mito ya Luilu na Musonoi, inayopokea uchafu wa viwanda kwa miongo mingi, si ya kumnywesha mnyama. Bakuli la mbwa lioshwe kila siku na lifunikwe, maji yawe yale unayokunywa wewe, na miguu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji akirudi kutoka barabarani. Ninachokataa ni vumbi kugeuzwa jalada la kufunikia kila kifo. Mbwa mwenye kupe mia masikioni hakuuawa na kobalti.

Sumu ya wezi nayo ipo. Dawa za panya na za wadudu zisizo na lebo huuzwa kwa vipimo vya kijiko, na nyama moja iliyotupwa juu ya ukuta hutosha. Mbwa hutoa povu, hutetemeka, mboni za macho husinyaa kama kichwa cha pini. Hii ni kazi ya dakika, na kuna dawa ya kuzuia sumu za aina hiyo ambayo veterineri anaweza kuwa nayo, iitwayo atropini. Maziwa na mafuta ya kula ambayo watu humnywesha kwa nguvu huingia mapafuni.

Kuna wanaodhani suluhisho ni kununua mbwa wa damu safi kutoka Afrika Kusini. Damu safi ina bei yake. Basenji, mbwa wa misitu ya Kongo hii hii, asiyebweka, alipelekwa Uingereza miaka ya 1930 na kuzalishwa kutokana na mababu wachache sana. Matokeo yake basenji wa Ulaya na Marekani wakasumbuliwa na ugonjwa wa kurithi wa figo uitwao Fanconi, hadi wafugaji wa Marekani wakarudi Zaire miaka ya 1980 kutafuta damu mpya. Mbwa wako mchungaji wa Kijerumani wa dola mia kadhaa naye huja na nyonga zake mbovu. Mbwa wa mtaani wa Kolwezi, ukimpa chakula, chanjo na banda lisilo na kupe, hana deni hilo. Ukimhasi, hatazurura sana kwenye barabara ya malori, wala si rahisi alete ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao ni saratani ya kweli na hutibiwa kwa sindano za vinkristini kwa wiki kadhaa.

Nimeacha la mwisho makusudi, kwa sababu halimhusu mbwa peke yake. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia, watoto wakiwa sehemu kubwa. Watu humtazamia mbwa mkali anayekimbia na povu. Wengine huwa wapole: taya limelegea, hawezi kumeza, anatoa sauti kama ya aliyekwamwa. Baba mwema humfungua mdomo na kuingiza vidole kutafuta mfupa. Hakuna mfupa. Mate yale yameingia kwenye mkwaruzo wa kidole, na dalili zikishaanza kwa mtu, hospitali haina la kumfanyia. Usiingize mkono mdomoni mwa mbwa aliyebadilika tabia. Aliyeumwa au kulambwa jeraha aoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, kisha apelekwe kuchanjwa siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na mwenye mbwa ni rafiki.

Mji ukichanja asilimia 70 ya mbwa wake, ugonjwa hukosa pa kukanyaga. Kisiwani Pemba, Tanzania, kampeni za chanjo zimefanikiwa kuung'oa. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba, lakini usiingojee. Chanjo hurudiwa kwa ratiba, kwa kawaida kila mwaka, na kadi yake itunzwe pamoja na kadi za watoto. Kama hukumbuki mbwa wako alichanjwa lini, mpeleke wiki hii.